Robusta inachanua shamba zima lakini haishiki matunda, kosa liko wapi?

mtu_wa_Kanyigo

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaoijua kahawa ya robusta, si arabika, maana majibu mengi ninayokutana nayo ni ya Kilimanjaro na Mbinga.

Shamba liko Misenyi. Mibuni 400, mistari 20 yenye mibuni 20 kila mmoja, nafasi mita 3 kwa 3, inaingia mwaka wa tano. Miche yote ilioteshwa kwa vipingili, yaani vipande vya shina, vya mbuni mmoja wa zamani ulioko kibanjani, shamba la nyumbani, ambao kwa kuzaa hauna mfano. Mibuni ina afya, majani yamekolea, na msimu wa maua shamba lote linanukia. Baada ya hapo vishada vinakauka. Pingili iliyokuwa na maua thelathini inabaki na buni mbili, tatu. Cha ajabu, mistari miwili inayopakana na kibanja cha jirani inazaa kama kawaida. Nimeshapuliza mbolea ya majani yenye boroni misimu miwili, sioni tofauti.

La pili, kitaluni naandaa miche mingine ya kuongeza shamba. Zaidi ya nusu ya vipingili vinaoza kuanzia chini na kuwa vyeusi. Na baadhi ya miche iliyopona mwaka jana haisimami, inalala na kutambaa kama mmea wa maboga. Huu ni ugonjwa gani?

mzee_wa_kitalu

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: mistari inayopakana na jirani inazaa. Shamba lako haliumwi wala halina njaa ya boroni. Una mbuni mmoja tu, umeupanda mara 400.

Arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, ndiyo maana mkulima wa Moshi anaweza kupanda aina moja shamba zima na akavuna. Robusta haikubali. Chavua yake ikiangukia ua la mbuni huohuo, inaanza kuota, halafu mrija wake unazuiwa njiani kabla haujafika kwenye ovari. Mmea unaitambua chavua yake na kuikataa. Kwa mmea wa msituni hilo si kasoro. Robusta ni kichaka cha chini ya miti mirefu, kuanzia Afrika Magharibi kupitia msitu wa Kongo hadi huku kwetu kwenye Ziwa Victoria, na kule kila kichaka kimeota kwa mbegu na kina damu yake. Chavua haikosi mwenza.

Kipingili ni kitu kingine. Huyo si mtoto wa mbuni, ni kipande cha mbuni wenyewe. Kwa hiyo chavua ya mbuni wa kwanza ikifika kwenye mbuni wa mia nne, inakataliwa kana kwamba haijatoka nyumbani. Na yule mama unayemsifia anazaa vile kwa sababu kibanjani amezungukwa na mibuni ya mbegu, mchanganyiko mtupu. Umemchukua yeye, ukawaacha wenzake.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Chagua mibuni mitano katikati ya shamba, kila mmoja funga uzi mwekundu kwenye matawi mawili. Siku maua yanapofunguka, alfajiri, chuma maua mapya kwenye mibuni mitatu minne tofauti ya jirani, njoo nayo kwenye kikombe kikavu, uyapapase juu ya maua ya matawi yenye uzi. Rudia kesho yake asubuhi, kwa kuwa ua la robusta ni la siku moja au mbili tu. Kisha subiri wiki 8. Usihukumu mapema, maana buni changa ya robusta hukaa ndogo kama kichwa cha pini kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kutanuka. Wiki ya 8 hesabu buni kwenye matawi yenye uzi na yasiyo na uzi. Utaona.

mtu_wa_Kanyigo

Duh. Kwa hiyo miaka yote hii napanda mwenza mmoja. Nikiweka mizinga ya nyuki haitasaidia?

kibanja77

Nyuki watabeba chavua ileile kutoka mbuni uleule kwenda mbuni uleule. Shida yako haiko kwenye usafiri. Tena chavua ya robusta ni nyepesi, upepo unaibeba vizuri, ndiyo maana mistari miwili ya pembeni imepona. Mizinga weka baadaye shamba likishachanganywa, hapo ina faida.

Niongeze kitu kimoja kuhusu maua, maana wengi huchanganya. Robusta inachanua wiki moja hivi, hadi siku kumi, baada ya mvua inayovunja kiangazi. Mvua kubwa ikipiga asubuhi ileile maua yamefunguka, chavua inaoshwa na hata shamba lililochanganywa vizuri linapoteza. Hilo hutokea msimu mmoja mmoja. Kwako limetokea kila msimu, na mistari ya pembeni iliyonyeshewa mvua ileile imezaa. Mvua haina kesi hapa.

Nshomile_wa_Kitalu

Msimwache ndugu yetu na utambuzi bila tiba. Using'oe kitu. Mizizi ya miaka minne ni mtaji, unachobadilisha ni kichwa.

Hesabu mistari kuanzia upande ulio mbali na jirani. Badilisha mstari wa 2, 5, 8, 11, 14 na 17. Ni mibuni 120 kati ya 400, na ukichora kwenye karatasi utaona kila mstari unaobaki unagusana na mstari uliobadilishwa, isipokuwa wa 19 na wa 20 ambao tayari wanahudumiwa na jirani. Mistari hiyo sita usiijaze damu moja, utarudia kosa lilelile kwa sura nyingine. Tumia aina tatu, kila aina mistari miwili: A kwenye 2 na 11, B kwenye 5 na 14, C kwenye 8 na 17. Kwa nini tatu na si moja? Kwa sababu kuwa aina tofauti hakutoshi. Aina mbili zenye undugu wa karibu zinaweza kukataana, na aina mbili zisizochanua siku moja hazisaidiani hata kama zinapendana.

Njia ni kubebesha, yaani kupandikiza kichwa cha aina mpya kwenye kisiki cha mbuni wa zamani. Baada ya mavuno kata shina kwa msumeno sentimita 30 kutoka ardhini, mkato uwe wa mteremko ili maji yasituame. Kama mbuni una mashina mawili au matatu, acha moja dogo la kupumulia mpaka machipukizi yashike. Maotea yatajaa kwenye kisiki. Acha matatu au manne yaliyokaa pande tofauti, mengine ng'oa kwa mkono yakiwa laini. Yakifika unene wa penseli ndipo unabebesha:

Kata otea kwa juu, lipasue katikati kina cha sentimita 3. Kikonyo, yaani kipande cha aina mpya unachochomeka, kiwe na pingili moja, unene uleule, majani yamepunguzwa nusu, chini kimechongwa pande mbili kama kabari ya sentimita 3, kwa wembe mpya na mikato miwili tu. Ukichonga mara sita sita unapata tumbo la mviringo na haligusani na kitu. Chomeka, hakikisha gamba linakutana na gamba angalau upande mmoja, funga kwa ukanda wa nailoni kutoka chini kwenda juu, kisha vika kifuko cha nailoni angavu na ukifunge chini ya kiungo. Jua kali likipiga kifuko, kikonyo kinachemka, kwa hiyo funika na jani la mgomba. Wiki ya 4 hadi ya 6, chipukizi likianza kusogea, toboa kifuko, baada ya siku chache kivue.

Kosa la watu wengi linakuja baadaye: wanaacha maotea ya chini ya kiungo. Yale ni ya mbuni wa zamani na yana nguvu kuliko mgeni. Mwaka mmoja wa uzembe na una mama yuleyule tena. Pita kila mwezi.

dada_wa_viriba

Nichukue swali la kitalu, limepitwa.

Miche inayotambaa haina ugonjwa wowote. Mbuni una matawi ya aina mbili: otea linalokwenda juu wima, na tawi la pembeni linalozaa. Kipingili cha otea kinatoa mti uliosimama. Kipingili cha tawi la pembeni kinaota mizizi vizuri kabisa, halafu kinaendelea kuwa tawi la pembeni maisha yake yote. Ukikifunga kwenye mti wa kushikilia kitapanda huku kikipinda. Ile iliyolala itupe, na vikonyo vya kubebesha vilevile vitoke kwenye maotea tu. Huu ndio mtego wa wanaokata matawi yaliyopogolewa wakaona wamepata miche ya bure.

Ili upate maotea mengi, usikate mbuni. Uinamishe shina mpaka kama nyuzi 45, lifunge kwenye kigingi, maotea yatachipua upande wa juu wa mgongo. Yakatwe yakiwa na miezi 4 hadi 6.

Sasa kuoza. Sababu ni nne na mara nyingi zinakuja pamoja.

Kwanza, sehemu uliyokata. Ncha ya juu ni teke, ukiibana kwa kucha inatoa maji: inaoza. Sehemu ya chini imeshakuwa kahawia: inakaa miezi bila mzizi kisha inakufa. Unachotaka ni katikati, kijani iliyoanza kukakamaa. Kata asubuhi kabla ya jua, weka kwenye gunia bichi kivulini, na siku hiyohiyo viwe vimeshapandwa. Kila pingili: acha sentimita 4 hadi 5 za shina chini yake, juu yake nusu sentimita tu, jani likatwe nusu. Unaweza kupasua pingili katikati kwa urefu ukapata vipingili viwili vyenye jani moja moja. Kipingili kilichodondosha jani usikisubiri, hakitaota. Kisu butu kinaponda, na pale palipopondwa ndipo weusi unapoanzia.

Pili, udongo. Watu wanajaza kiriba chote mchanganyiko wenye samadi wakidhani wanakisaidia kipingili. Kipingili hakina mzizi wa kula chochote, kinachokula samadi hiyo ni kuvu. Theluthi mbili za chini jaza udongo wa juu ndoo 3, samadi iliyooza vizuri ndoo 1, mchanga ndoo 1. Theluthi ya juu weka udongo wa chini ya ardhi, mwekundu, usio na samadi hata kidogo. Kipingili kinachomekwa kwenye tabaka hilo mpaka jicho la pingili liguse udongo, usilizike. Mizizi ikitoka itashuka yenyewe kwenye chakula. Udongo wa viriba vya mwaka jana usiurudie.

Tatu, maji. Ndani ya kichanja cha nailoni unyevu wa hewa ndio unaofanya kazi, si udongo kulowa. Tengeneza upinde wa fito, kimo sentimita 60 hivi, funika kwa nailoni angavu, kingo zote zifukiwe udongoni, na juu kabisa, kimo cha mtu, pawe na kivuli kinachozuia kama robo tatu ya jua. Mwagilia vizuri siku ya kupanda, fukia, kisha uache. Asubuhi ukiona matone yamejipanga ndani ya nailoni, usifungue. Matone yakikosekana, fungua jioni, nyunyiza maji ya ukungu, funika. Mara moja kwa wiki ondoa vilivyooza na majani yaliyoanguka.

Nne, udadisi. Kung'oa kipingili kuangalia kama kimetoa mzizi ni kukiua. Majani mapya mawili yakitoka na kukomaa, mizizi ipo. Hiyo ni miezi 2 hadi 3.

Baada ya hapo usivue nailoni kwa siku moja. Wiki ya kwanza fungua ncha mbili, ya pili inua upande mmoja jioni mpaka asubuhi, ya tatu na ya nne ivue taratibu. Miche inapelekwa shambani ikiwa na jozi 5 au 6 za majani, mvua ikishakaa. Homoni ya mizizi si lazima kwa robusta. Ukifuata haya yote inaongeza kidogo, usipoyafuata haiokoi.

Magharibi_ya_Ziwa

Naheshimu maelezo ya Nshomile ila napinga jambo moja, na ni kubwa. Uko Misenyi. Mnyauko fuzari ulionekana Uganda 1993 na ukagunduliwa Kagera 1997, pande hizo hizo zenu. Kuvu wake anaingia kupitia kidonda. Kukata visiki 120 kwa msumeno mmoja, siku moja, bila kusafisha, ni kumwita.

Kabla hujakata mbuni wowote, kagua shamba zima. Mbuni wenye mnyauko unaanza na majani ya njano upande mmoja, yanajikunja, yanakauka na kudondoka, wakati buni zinaiva kabla ya wakati wake na kubaki zimekauka mtini. Kwangua gamba kwa kisu karibu na ardhi: ukikuta mbao chini ya gamba ina rangi ya bluu iliyokolea kuwa nyeusi, ndiye yeye. Hakuna dawa ya kuponya mbuni huo. Unang'olewa na mizizi yake na kuchomwa palepale ulipong'olewa. Usiuburute katikati ya mistari, usiupeleke nyumbani kuwa kuni, na hapo shimoni usipande kahawa tena kwa angalau miezi 6, ukiweza mwaka.

Kwenye kubebesha, anza na mstari wa 2 na wa 11 pekee. Msumeno na wembe vifutwe kwa spiriti, au vichovywe kwenye maji ya klorini, kila unapohama kutoka mbuni mmoja kwenda mwingine. Kisiki kipakwe rangi ya mafuta. Palizi kando ya shina iwe kwa mkono, maana jembe linakata mizizi na kidonda ni kidonda. Matandazo yawe unene wa kiganja ila yaishie sentimita 30 kabla ya shina.

Na vikonyo usichukue kwa jirani ati kwa kuwa mibuni yake ndiyo inayokuchavushia. Mibuni ya zamani ya vibanjani mingi haina kinga. Tena hata mama yako huyo bingwa, sidhani kama anayo: ukiwa na mibuni 400 ya damu moja, ugonjwa unaomshinda mmoja umewashinda wote. Nenda TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kituo cha Maruku, kuna aina zilizochaguliwa kwa ajili ya huo mnyauko: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Umepata tatu zako, na ya nne ya ziada.

Nshomile_wa_Kitalu

Magharibi ana haki, nimeipita habari ya mnyauko juu juu. Mistari miwili kwa mwaka ni mwendo mzuri. Ila mtu_wa_Kanyigo, aina hizo nne usizipande kwa makundi, kila moja kona yake. Kona ya katikati itakosa mwenza na utarudi hapa na swali lilelile. Mstari kwa mstari.

boda_Masaka

Sisi upande wa Uganda tunazo aina za robusta ziitwazo KR, kuanzia KR1 mpaka KR10, na sheria ni hiyohiyo: ukipewa miche ya KR moja tu, ikatae, omba mchanganyiko na ziwekwe alama kwenye viriba. Mwenye kitalu asiyeweza kukuambia kiriba hiki ni namba ngapi, achana naye.

Jambo lingine. Kwenye matawi machanga ya mibuni uliyobebesha, angalia chini ya tawi. Ukiona kitundu kama cha sindano na tawi linanyauka kuelekea ncha, majani yakawa meusi bila kudondoka, ni kile kidudu cheusi kinachotoboa matawi. Ukubwa wake haufiki milimita 2. Jike anatoboa, anapanda kuvu ndani, watoto wanakula kuvu, kwa hiyo dawa ya kupuliza juu haimfikii. Kata tawi sentimita kadhaa chini ya kitundu, choma siku hiyo. Likikaa chini wiki moja, watoto wamesharuka. Kivuli kinene kinampendeza, na miparachichi humfuga, kwa hiyo isikaribie kitalu.

mtu_wa_Kanyigo

Wakuu, nimewaelewa, ahsanteni. Swali la mwisho: mistari hiyo miwili niikate lini? Na nikiikata, migomba ninayotaka kuingiza kati iwe umbali gani?

mzee_wa_kitalu

Maliza kuchuma kwanza, kata kabla ya mvua za Septemba kushika, maotea yapate mvua zote za vuli. Kwenye Desemba au Januari mengi yatakuwa penseli. Kama kiangazi kifupi kimekaza, subiri Machi. Yaliyoshika yatachanua yenyewe mwaka wa pili, na hapo ndipo majirani zake wataanza kuzaa.

Migomba usiweke kwenye mistari uliyobebesha mpaka vichwa vipite kimo cha kiuno. Kwenye mingine, mgomba mmoja katikati ya mibuni minne, na kila shina la migomba libaki na mama, mtoto na mjukuu tu. Ukiacha vichipukizi sita, kivuli kinakuwa cha msituni kweli, na mbuni unarefuka kutafuta mwanga badala ya kuzaa. Lile jaribio la uzi mwekundu lifanye msimu huu huu wa maua, kabla ya msumeno.